Mazishi ya kifaranga

Baba watoto yuko mwaka wa pili wa theolojia hapa chuoni Makumira. Wiki hii ana mtihani wa Kigiriki, kwa hiyo nyumbani ni kunong'ona tu.

Leo mchana kifaranga mmoja kafa.

Kaka mtu, miaka mitano, kajitanda shuka jeupe, kashika daftari la baba yake kichwa chini miguu juu: "Mavumbi kwa mavumbi!"

Mdogo wake analia kweli kweli, makamasi hadi kidevuni.

Nikadhani yameisha. Wapi! "Tukae. Sasa matangazo."

Halafu sadaka, kwenye mfuniko wa sufuria. Nimetoa shilingi mia, akanitazama: "Mama, jengo bado halijaisha."

Baba mtu huko ndani Kigiriki kimemshinda kwa kicheko 😂

Mnaolea watoto vyuoni, wa kwenu wanaigiza nini?