Jora la Amerikani

Zilikuwa zimebaki siku nne onyesho lifike, hapo Bagamoyo, kusi likivuma. Mandhari ya jukwaa kazi yangu, maleba, yaani mavazi ya waigizaji, kazi yangu, kwa kuwa hela ya watu wawili haikuwepo. Mchezo ulihusu misafara ya pembe za ndovu, basi nikanunua jora moja la amerikani, kitambaa cha pamba, kwa kazi zote: kuta za nyumba ya mawe na kanzu tano za matajiri. Nikajiona mjanja. Hata jina la kitambaa lilinifurahisha. Ndicho kile walicholeta wafanyabiashara wa Salem, Marekani, karne ya 19, kikapanda bara mabegani mwa wapagazi kutokea pwani hii hii.

Kuta zilikuwa fremu sita, futi 8 kwa 4, mbao za mbili kwa moja. Amerikani niliivuta mpaka ukiigonga inalia kama ngoma, nikaipigilia, kisha nikapaka maji ya gundi: kopo moja la gundi nyeupe kwa makopo manane ya maji. Kazi yake ni kuziba vitundu vya kitambaa ili rangi isinywewe ovyo, na kukikaza. Hilo la kukaza nikalisahau.

Asubuhi nikakuta fremu zimepinda. Mojawapo ukiilaza sakafuni, pembe inanyanyuka inchi tatu. Pamba isiyofuliwa husinyaa ikilowa, na kama umeshaivuta hadi mwisho, haina pa kusinyaa ila kuburuta mbao. Nami pembe nilikuwa nimeziunga kwa misumari mitupu, bila pembetatu za plaiwudi, bila hata ubao wa kukata katikati.

Nikiwa bado nazishangaa, fundi cherehani akaja na kanzu. Jana yake nilizichovya kwenye chai ili zionekane za zamani na zisimeremete mno chini ya taa: sufuria ya lita 20, robo kilo ya majani, chumvi ya kiganja. Rangi ilikaa vizuri sana. Alizishona zifike kwenye vifundo vya miguu. Sasa zilikuwa zimepanda karibu inchi tatu.

"Mwanangu, kitambaa ulikiloweka kabla ya kuniletea?"

"Hapana, mama."

"Basi hizi tumewashonea wadogo zao."

Tulianza na fremu. Tuling'oa misumari pande tatu, tukagongelea pembetatu na ubao wa katikati, tukazilaza chini usiku kucha na mifuko ya mchanga juu yake. Mchanga tuliuchukua kwenye jengo lililokuwa likijengwa, si ufukweni. Wa bahari una chumvi, haukauki sawasawa, na misumari hula kutu upesi. Kitambaa tukakirudisha kikiwa kimelegea kiasi kwamba ukikisukuma kwa kidole katikati kinazama kama inchi moja. Maji ya gundi yalipokauka kikawa kimenyooka chenyewe.

Fremu mbili, zilizokuwa na mbao mbichi, hazikurudi. Nikazipasua juu na kuzisimamisha nyuma kabisa ziwe gofu. Nyumba za namna hiyo Bagamoyo hazikosekani.

Kanzu tuliziongezea ukanda chini, tukauchovya chai mara mbili ili uwe mweusi kuliko juu. Ukumbini ulionekana kama vumbi la safari.

Kipande kilichobaki cha jora, yule mama hakuniuliza. Alikitumbukiza kwenye karai, akakianika.