Moshi wa ziwa letu umo ndani ya dumu

Baba yangu alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha injini cha meli za kubeba mabehewa ya treni, hapa bandarini Kisumu, Ziwa Victoria. Akirudi nyumbani Nyalenda, mama alimpokea mlangoni kwa beseni la maji kabla ya salamu, kwa sababu ya masizi. Alituachia daftari lenye jalada jeusi. Kila safari ina mstari wake: saa za injini, lita zilizotumika, hali ya ziwa. "Upepo wa mbele." "Mzigo nusu." Hajaandika neno hata moja kuhusu moshi, lakini moshi wote umo humo.

Hilo nililielewa hivi karibuni tu, nikiwa Luanda K'Otieno nasubiri kuvuka kwenda Mbita. Feri ilipowasha injini na kuanza kujiondoa gatini, wingu jeusi liliwashukia akina mama wenye magunia ya omena, dagaa wa ziwa letu. Baada ya dakika chache moshi ukawa mwembamba, karibu hauonekani. Mzee mmoja kando yangu akasema, "Sasa imetulia, mwalimu. Haichafui tena."

Nilimwambia, bado inachafua, mzee wangu. Ule weusi ni masizi. Injini ikibebeshwa mzigo ghafla, dizeli huingia nyingi kabla hewa haijatosha, nayo haiungui vizuri. Ikishatulia, masizi hupungua, lakini dioksidi kaboni haina rangi, na inaendelea kutoka kwa kila lita inayoungua. Alinitazama, akauliza, "Ni kiasi gani basi?" Sikuwa na jibu, na mimi nafundisha fizikia.

Usiku ule nilikaa na daftari la baba. Chukua feri ya mfano, yenye injini mbili za kilowati 300 kila moja, ikienda kwa asilimia 70 ya nguvu zake. Kwa saa moja imefanya kazi ya kilowati-saa 420. Injini ya dizeli ya aina hiyo hula takriban gramu 210 kwa kila kilowati-saa, kwa hiyo ni kilo 88 za dizeli, yaani lita kama 105. Kila kilo ya dizeli ikiungua hutoa kilo 3.2 za dioksidi kaboni, kwa sababu kaboni iliyomo hujishikiza na oksijeni ya hewani. Ndiyo maana moshi huwa mzito kuliko mafuta yaliyouzaa. Saa moja, kilo kama 282. Hilo ndilo jibu la mzee, nami nitampelekea.

Salfa iliyomo kwenye dizeli ni hesabu nyingine, na hapa tuna la kushukuru. Tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kinataka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Kilo zile 88 zina salfa ya gramu 4 na ushee, nayo ikiungua hutoa gramu 9 hivi za dioksidi ya salfa. Meli za baharini ziliruhusiwa mafuta mazito yenye salfa ya asilimia 3.5 hadi mwisho wa 2019. Kwa kiwango hicho, uzito uleule wa mafuta ungetoa kilo 6. Oksidi za naitrojeni, gesi nyingine chafu za moshi huo, hazijali usafi wa mafuta, kwa kuwa nyingi huzaliwa na hewa yenyewe ndani ya joto kali la silinda.

Kinachonikosesha usingizi ni mwendo. Nguvu anayohitaji nahodha hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi. Akishuka kutoka noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa) hadi 9, nguvu hupungua kwa asilimia 27. Safari inakuwa ndefu kidogo, lakini bado anaokoa karibu moja ya tano ya mafuta kwa umbali uleule. Baba alilijua hili bila kanuni yoyote: kwenye safari alizoandika "polepole", lita zilizoandikwa ni chache waziwazi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda ufukweni Dunga, hapa Kisumu, na kalamu. Kijana mmoja mwenye boti ya injini ya nguvu za farasi 15, ile inayochanganyiwa petroli na oili, alinikubalia nipime. Nilikuwa nimekadiria lita 16 kwa saa tatu. Dumu likaonyesha 21. Niliona aibu, nikarudia hesabu mara mbili, kisha nikamuuliza njia aliyopita. Alikuwa amekata katikati ya magugu maji, akasimama mara nne kusafisha propela, akarudi na upepo wa mbele. Vitabu hupima injini mpya katika maji matulivu. Isitoshe, injini hizi hupokea mchanganyiko mpya huku mlango wa moshi ukiwa bado wazi, na sehemu ya petroli, inayoweza kufika robo, hutoka mbichi bila kuungua. Ndiyo ile rangirangi unayoiona juu ya maji. Kijana ameinunua petroli hiyo kwa pesa zake na haikumsukuma hata hatua moja.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilikadiria kwamba meli zilitoa tani milioni 1,056 za dioksidi kaboni mwaka 2018, asilimia 2.89 ya yote inayotokana na binadamu. Wanafuatilia meli kubwa kwa AIS, kifaa kinachotangaza kwa redio mahali na kasi ya chombo, na tangu 2019 meli za bahari zenye GT 5,000 (kipimo cha ujazo wa meli) na zaidi hutoa taarifa ya mafuta yao. Boti ya Dunga haimo. Niliomba rekodi za mafuta katika ofisi moja hapa mjini, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Nimerudi Jumatatu sita.

Basi nimeanza upande wa madumu. Wenye boti tisa wamekubali kuandika: lita ngapi asubuhi, zimebaki ngapi jioni, njia gani, upepo gani. Nimewanunulia madaftari yenye jalada jeusi. Na nahodha mmoja wa boti ya abiria ameniambia nije alfajiri ya Jumamosi na fimbo iliyochongwa alama, tupime tangi lake kabla hajaondoka.