Tangazo langu kwenye jarida la mtu mwingine

Mimi hushona mikoba ya ngozi, na siku hizi natangaza kwenye majarida ya barua pepe ya watu wengine. Jarida lenye wasomaji wachache wapenda kazi za mikono hunifaa kuliko lile kubwa la kila mtu.

Wenye majarida hupenda kujisifu kwa idadi ya waliofungua. Siwasikilizi sana. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha yenyewe, hata kama mwenye simu hajasoma neno, na hesabu ya kufungua hutegemea picha hizohizo. Mimi nauliza wangapi walibofya, na matangazo mangapi mengine yatakaa karibu na langu. Mtu akianza kuzungukazunguka, naondoka zangu.

Tangazo lenyewe ni fupi: mkoba mmoja, unabeba nini, kiungo kimoja. Kinampeleka msomaji moja kwa moja kwenye mkoba uleule, si ukurasa wa mwanzo (huko watu hupotea!), na kila jarida lina kiungo chenye alama yake ili nijue mteja katokea wapi. Bei naiandika nje ya picha, maana wapo wanaozima picha.