Noti za zamani: soma saini, hesabu mikunjo, ndipo utaje bei

Dirisha la Benki Kuu ya Tanzania la kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 lilifungwa tarehe 5 Aprili 2025. Aliyebakiza kibunda sandukuni, awe Majengo au Kongwa, ategemee bei ya wakusanyaji tu. Na nyingi ya hizo, zikiwa zimechakaa, ni za bei ya chini sana.

Penye maana zaidi ni toleo la kwanza la 1966: shilingi 5 ya kahawia, 10 ya kijani, 20 ya buluu na 100 nyekundu. Hazina mwaka, kwa hiyo kipindi chake kinasomwa kwenye saini mbili, ya waziri wa fedha na ya gavana. Edwin Mtei alikuwa gavana 1966 hadi 1974, akafuatiwa na Charles Nyirabu hadi 1989. Lakini Mtei huyohuyo akaja kuwa waziri wa fedha 1977 hadi 1979, ndiyo maana jina peke yake halitoshi: tazama limekaa kwenye cheo kipi. Shilingi 100 igeuze nyuma. Yenye mfugaji wa Kimasai ni adimu kuliko yenye wanyamapori watupu.

Sasa hali yake. Ilaze mezani, punguza mwanga wa chumba, umulike tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu usawa wa karatasi. Kila mkunjo utatupa kivuli, hata ule uliolainishwa ukafichwa. Kwenye kipimo cha 1 hadi 70 wanachotumia wapimaji, noti mpya kabisa huanzia 60. Mkunjo mmoja wa katikati unaishusha hadi hamsini na kitu. Ikiwa na mikunjo kadhaa, iko 20 hadi 35. Tundu la pini au hesabu za duka zilizoandikwa kwa kalamu huishusha tena. Kisha iinue kwenye mwanga utafute kichwa cha twiga ndani ya karatasi, alama ya noti halisi.

Usiifue wala kuipiga pasi. Pasi hubonyeza wino uliotuna, na mnunuzi mzoefu hulitambua hilo kwa kidole. Selotepu ni balaa zaidi, gundi yake hupenya na haitoki. Ihifadhi kwenye mfuko wa poliesta, kwa sababu plastiki ya PVC ikizeeka huwa na utelezi unaochafua karatasi, na isikae kwenye udongo: mchwa wa Dodoma hawachagui.

Rupia za dharura za Wajerumani za 1915 hadi 1917 zinaonekana adimu, ila ile ya rupia 1 bado ipo nyingi. Rupia za karatasi za Zanzibar za 1908 hadi 1928 ni habari nyingine kabisa. Hizo zipeleke mnadani, usimalizane na mtu wa sokoni.

Bei ilinganishe na mauzo yaliyokwisha kufanyika, ya noti yenye saini na daraja lilelile. Bei anayoitangaza muuzaji mtandaoni ni matumaini yake. Na anayekuahidi mamilioni kwa shilingi 500 ya Mwinyi, kisha akakuomba utume kwanza ada ya usajili, mfungie namba.