Chupa ya mwaka 1990

Jumapili shangazi alifungua chupa ya asali ya nyuki wadogo, ile yenye uchachu kidogo anayoletewa na jamaa zake wa Manyoni, na harufu yake ikanipeleka moja kwa moja hadi Preignac, kijiji cha Ufaransa karibu na Bordeaux, katika eneo la Sauternes linalotengeneza mvinyo mtamu. Nikanyamaza pale mezani. Watoto wakadhani nimekasirika. Kumbe nilikuwa nimerudi kwenye jioni ile ya kumaliza mavuno, kwa yule mzee mwenye shamba la mizabibu kando ya mto Ciron.

Nilivyofika kule, kwa ufupi: masomo Bordeaux, kodi ya chumba ikanielemea, rafiki akanipa namba ya mkulima anayetafuta wachumaji. Mengine nayaruka.

Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma. Kwetu zabibu ikiota kuvu ni msiba. Mvua ikinyesha usiku, baba anaamka alfajiri kukagua shamba, salfa iko tayari ili ubwiri usishike, na kichala kilichoharibika kinakatwa na kutupwa mbali kisiambukize vingine. Sasa nikajikuta kwenye shamba ambalo mwenyewe, kila asubuhi ya Oktoba, anatoka mlangoni akiomba kuvu ishike.

Maji ya Ciron ni ya baridi kwa sababu mto unapita chini ya miti. Yakikutana na ya mto Garonne, ambayo yana joto zaidi, ukungu unatanda juu ya mizabibu asubuhi nzima. Katika unyevu huo kuvu iitwayo Botrytis cinerea inatoboa ganda la zabibu. Baadaye jua linatoka, upepo unavuma, na maji ya tunda yanapotea kupitia vitundu vile. Kinachobaki ndani ni sukari na uchachu vilivyokolea. Jua likikataa kutoka, kuvu hiyohiyo inamaliza shamba. Hata Yquem, shamba lililowekwa peke yake juu ya mengine yote ya Sauternes tangu yalipopangwa madaraja mwaka 1855, halikutoa mvinyo wake wa mwaka 2012, maana zabibu hazikufikia kiwango.

Kwa hiyo hatukukata vichala vizima kama nilivyozoea. Tulichuma punje zilizosinyaa tu, tukaacha nyingine, tukarudi kwenye mstari uleule siku nyingine, na nyingine tena. Mama mmoja Mreno, mchumaji wa miaka mingi, alinifundisha kutumia pua kabla ya mkasi: ikinuka siki, tupa chini. Sheria ya pale hairuhusu hekta moja kutoa zaidi ya lita 2500, na wengi hawafiki hapo. Ndoo yangu ilichukua muda mrefu mno kujaa, na mwanzoni moyo uliniuma kuona jinsi kilivyo kidogo kinachopatikana kwa kazi yote ile.

Siku ya mwisho kukawa na karamu, gerbaude wanavyoiita. Nyama, viazi, kelele nyingi. Halafu mzee akapotea, akarudi kutoka ghalani na chupa isiyo na lebo, shingoni imefungwa kipande cha karatasi kilichoandikwa 1990. Meza ikatulia. Huo ulikuwa wa mwisho katika miaka mitatu mfululizo ambayo Sauternes bado wanaitaja kwa heshima: 1988, 1989, 1990.

Kizibo kilikuwa cheusi, na alikivuta taratibu sana asikivunje. Akamimina kidogokidogo kwenye glasi ndogo. Nilitegemea kuona rangi ya dhahabu, kwa sababu mvinyo mpya wa pale ndivyo ulivyo. Ule ulikuwa rangi ya kaharabu, na ukiinamisha glasi ukingo wake unaelekea kahawia. Hakuna aliyeharakisha kunywa. Yule mama Mreno aliingiza pua kwenye glasi, akafumba macho, akakaa hivyo.

Nikafanya kama yeye. Kwanza lilikuja ganda la chungwa lililochemshwa na sukari. Kisha aprikoti kavu. Kisha zafarani, zafarani kabisa, ya biriani, kiasi kwamba niliinua kichwa kuangalia kama kuna sahani imeletwa. Nikaonja. Utamu ulitangulia, nami nikajiandaa kwa kitu kitakachonata mdomoni kama sharubati. Haukunata. Uchachu ulipanda kutoka chini yake, mate yakajaa mdomoni, utamu ukajiondoa wenyewe na kuacha uchungu mdogo wa ganda la chungwa, na uchungu huo ukabaki. Watu walishaanza tena kuzungumza, mimi bado niko na mkupuo wa kwanza. Mtu akanisogezea jibini la Roquefort, la maziwa ya kondoo, nalo lina kuvu yake ya buluu ndani. Chumvi ile ilipokutana na mvinyo ule machozi yalinilenga, na sioni haya kusema hivyo.

Nilimuuliza mzee umewezaje kukaa miaka yote ile bila kuharibika. Akasema sukari na uchachu vinalindana, kazi yake yeye ni kutousumbua. Kisha akaniambia majirani zake wanang'oa mizabibu kwa sababu watu hawanywi tena mvinyo mtamu, na wengine wamegeukia mvinyo mkavu kwa zabibu zilezile. Yeye mwenyewe alikuwa akiuza kwa shida. Ila kila mwaka mzuri alificha chupa chache.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliwaza mwaka ambao lori la mnunuzi halikuja Hombolo, tukarundika matenga kivulini, na baada ya siku chache nyuki na nzi ndio waliokula jasho la baba. Kuna wakati naona mzee yule ana ustadi wa kungoja ambao sisi hatukufundishwa. Kuna wakati naona ana ghala la mawe lenye baridi, na hapo naona hakuna la kufundishwa, kuna la kujengewa. Nimeyageuza haya mawili kwa miaka, na yote mawili naona yana ukweli.

Nilimpigia baba kesho yake. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote, rangi, zafarani, ile kuvu inayoombewa dua. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza:

"Sasa mwanangu, hizo zabibu za mwaka 1990, huyo mzee alilipwa lini?"

Nikamwambia chupa ile hakuwahi kuiuza.

"Basi huyo ni tajiri."

Nikabisha. Nikamtajia mizabibu inayong'olewa, nikamtajia viatu vya mzee vilivyochanika. Akasema mkulima anayeweza kuficha chupa kwa miaka yote hiyo ni tajiri, viatu havina neno. Tulibishana mpaka salio likaisha, na mpaka leo tukikutana tunaendelea.