Kufufua baa ya mtaani Changamwe, Mombasa: kumbukumbu ya wiki nane

Wiki ya 1

Meza 11, friji mbili za mlango wa kioo, mtambo mmoja wa kegi (bia ya pipa), na jiko la kuchomea nyama lililogeuzwa stoo ya kreti. Fundi wa rangi alikuwa ameshaitwa, amerudishwa. Baa inayojaa jioni na droo ikawa tupu asubuhi haina shida ya rangi.

Kazi ya kwanza ni karatasi ya stoku. Kwa kila kinywaji andika: ya kufungua, iliyoingia, jumla, ya kufunga, iliyouzwa. Iliyouzwa ukizidisha kwa bei lazima ilingane na pesa taslimu, M-Pesa na deni vikijumlishwa. Zamu zinapopokezana, anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja, wote wawili wanatia sahihi. Chupa tupu nazo zihesabiwe, maana chupa ya bia ikipotea bado italipiwa kwa msambazaji.

Daftari la deni limefungwa. Waliomo watalipa polepole, ila hakuna jina jipya.

Wiki ya 2

Bia haina siri, chupa ni chupa. Pengo limekaa kwenye mizinga, yaani chupa kubwa za pombe kali. Mzinga wa mililita 750 kwa toti za mililita 30 ni toti 25. Weita akimimina kwa jicho zikawa za mililita 35, unabaki na toti 21. Toti nne zimekwenda na hakuna aliyeiba. Huo ni mkono usiopima tu. Kipimo cha chuma kimefungwa kaunta kwa mnyororo.

Kwa mizinga iliyofunguliwa tunatumia mzani wa jikoni. Pombe kali ya asilimia 40 ni nyepesi kuliko maji: toti ya mililita 30 ina takriban gramu 28.5. Pima kwanza chupa tupu ya aina hiyo hiyo pamoja na kizibo chake, uandike, kwa kuwa chupa za aina mbalimbali hazilingani. Usiku pima iliyofunguliwa, toa uzito wa chupa tupu, gawanya kwa 28.5. Zikibaki gramu 400, hizo ni toti 14, kwa hiyo kaunta inadaiwa pesa za toti 11. Kupima mizinga kumi kunamalizika kwa muda mfupi tu.

Kuna wizi ambao karatasi haiuoni kabisa. Mhudumu ananunua mzinga wake dukani, anauingiza kwenye mkoba, anauza toti zake juu ya kaunta yako. Stoku inalingana hadi tone la mwisho, mauzo ndiyo yanakonda. Dawa ni kutia alama kila chupa inapopokelewa. Isiyo na alama si ya baa. Wakati huo huo stempu ya ushuru inakaguliwa kwa programu ya simu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya mapato.

Namba ya tili imebandikwa kila meza, kwa herufi kubwa. Kabla ya hapo wateja wengine walikuwa wakitumiwa namba ya simu ya weita. Mwenye kaunta asikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Aone ulioingia kwenye simu ya baa.

Wiki ya 3

Friji. Mteja wa hapa huulizwa "baridi au moto?" na wapo wengi wa moto, lakini aliyetaka baridi akapewa vuguvugu harudi. Kipimajoto ndani ya friji ya kwanza kilisoma nyuzi 12. Tunataka 3 hadi 5. Gesi haikuwa na kosa. Mpira wa mlango umepasuka, na koili ya nyuma imefunikwa vumbi lililoshikana na chumvi ya hewa ya bahari. Zima umeme, piga brashi, futa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausha. Friji isogezwe sentimita 10 kutoka ukutani. Pwani kazi hiyo ni ya kila mwezi, la sivyo kutu inakula mabomba.

Kreti zinaingia friji asubuhi. Ukijaza saa kumi na moja jioni, unapoza chupa za kesho.

Wiki ya 4 na 5

Kegi imetuchukua wiki mbili. Pipa la lita 50 ni vikombe 100 vya nusu lita, kwenye karatasi. Ukipata 85, kilichobaki kimekwenda na povu. Sababu tulizozikuta hapa:

Pipa lilikuwa likishushwa na kufunguliwa hapo hapo. Liache lipumzike usiku kucha mahali pa kivuli na baridi, maana bia yenye joto haishiki gesi.

Bomba lilikuwa likifunguliwa nusu. Fungua lote kwa mara moja, kikombe kikiwa kimeinamishwa.

Presha. Povu likizidi, watu hukimbilia kuipunguza, na ndipo mambo yanapoharibika zaidi: gesi inajitenga na bia ndani ya mrija wenyewe. Ukiona viputo vinatembea mrijani, presha iko chini, si juu.

Mirija inasafishwa kila wiki mbili kwa dawa yake ya kusafishia, kisha maji mengi hadi utelezi uishe. Jiki hapana; ladha yake haitoki. Mtungi wa gesi ya kegi (kaboni dioksidi) usimame, ufungwe ukutani, na chumba kiwe na dirisha. Gesi ile ikivuja chumba kilichofungwa, inaua.

Wiki ya 6

Choo. Maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hiyo matangi mawili: la kisima cha chumvi kwa kuvuta choo, la maji matamu kwa mikono na vikombe. Upande wa chumvi tumia koki za plastiki. Taa na komeo zimewekwa upande wa wanawake.

Wiki ya 7

Mpira. Sheria ya vileo ya 2010 inairuhusu baa ya kawaida kuuza saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Mechi za Jumamosi za Uingereza zinaingia humo vizuri. Za Ligi ya Mabingwa, majira ya baridi ya Ulaya, nyingi huanza saa tano kamili, wakati wa kufunga, kwa hiyo usizipangie stoku. Spika zimegeuzwa zitazame ndani, na adhana ikianza muziki unazimwa. Jirani asiye na malalamiko ni nusu ya leseni.

Wiki ya 8

Jiko limewashwa: mishikaki na viazi karai tu, na ukwaju. Nyama choma bado, kwa sababu kilo ya mbuzi mbichi hupungua sana motoni na hatujapata bei inayosimama.

Fundi wa rangi anakuja Jumatatu.