Mtaalamu wa Japani Kutoka Leeds

Chumba nilichopanga Kawaguchi nilikirithi kwa Mwingereza mmoja tuliyemwita Mwalimu. Kawaguchi iko mkoa wa Saitama, ng'ambo ya mto Arakawa ukitokea Tokyo. Zamani ulikuwa mji wa viwanda vya kusubu chuma, na enzi zangu wengi tulikimbilia huko kwa sababu kodi yake mwanafunzi anaimudu. Mwalimu alikaa pale tangu miaka ya tisini akifundisha Kiingereza cha mazungumzo, hadi 2009 aliporudi Leeds kumuuguza baba yake. Aliniachia sufuria ya umeme ya kupikia wali, hita ya mafuta ya taa na baiskeli isiyo na kengele. Maoni yake hakuyaacha, aliendelea kuniletea kwa Skype kila mwisho wa wiki, maana hata akiwa Leeds asubuhi yake ilianza na magazeti ya Tokyo.

Mapema 2011 alikuwa na mengi ya kusema. Wanamieleka wa sumo walikuwa wamebambwa wakipanga matokeo kwa ujumbe wa simu, na mashindano ya Machi kule Osaka yakafutwa. Waziri wa Mambo ya Nje, Seiji Maehara, alijiuzulu kwa kupokea mchango mdogo kutoka kwa mama mmoja Mkorea mwenye mgahawa, aliyemfahamu tangu utotoni. Naoto Kan alikuwa waziri mkuu wa tano tangu 2006. Kila habari Mwalimu aliitolea hukumu, na mara nyingi nilikubaliana naye. Leo na mimi ni mkaazi wa zamani wa Japani, nayaandika haya nikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo sina pa kumchekea.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 11 Machi. Saa 8:46 mchana nilikuwa maabara, wilaya ya Bunkyo, na tetemeko halikutaka kuisha. Treni zote zilisimama, tukarudi kwa miguu, maelfu ya watu wenye suti na mikoba, barabara ya Oji mpaka Akabane, kisha darajani juu ya Arakawa, upepo unakata masikio. Nilifika nyumbani usiku sana. Rafu ya vitabu ilikuwa imelala kitandani kwangu. Zaidi ya hapo sikuwa na hasara, na ningejisifia mateso ya siku ile ningekuwa nawaibia watu wa Miyagi, Iwate na Fukushima, mikoa ya kaskazini iliyopigwa na tsunami, msiba wao.

Mama alinipata Jumamosi. Mwezi uliotangulia mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu kwa kihoro, maana usiku wa tarehe 16 Februari mabomu ya ghala la jeshi Gongo la Mboto yalilipuka, na yeye akakimbia na majirani hadi Uwanja wa Uhuru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko hai?"

"Niko salama kabisa."

"Sisi tulikimbizwa na mabomu, sasa nyie mnakimbizwa na ardhi. Rudi nyumbani, mwanangu. Tutakula hicho hicho."

Kufikia Jumatatu, majengo mawili ya kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi yalikuwa yamelipuka, na dunia nzima ilikuwa na la kusema kuhusu Japani. Nilikuwa na madirisha mawili. La kwanza ni NHK, televisheni ya umma ya Japani, ambako Yukio Edano, msemaji wa serikali, alitokea usiku na mchana na nguo zake za kazi za buluu, hata watu wakaanza kumwandikia Twitter wakimsihi aende akalale. La pili ni vyombo vya Magharibi, ambako Tokyo ilikuwa imeshakufa. Televisheni moja ya Marekani ilionyesha ramani ya vinu vya nyuklia vya Japani, na kimojawapo kilikuwa katikati ya Tokyo, kikiitwa Shibuya Eggman. Eggman ni klabu ya muziki.

Katikati ya wiki ile Mwalimu akaniandikia: redio moja ya kwao itamhoji kama mtaalamu wa Japani, saa tatu asubuhi ya Leeds, yaani saa kumi na mbili jioni kwetu. Nisikilize, na nimwite mama mwenye nyumba naye asikilize, kwani wamejuana miaka mingi.

Mama mwenye nyumba alikuwa na miaka sabini na kitu, akiishi peke yake ghorofa ya chini. Nilishuka na kompyuta yangu. Alikuwa ameshajiandaa kwa mgao wa umeme. Kwa mtu wa Dar mwaka ule, neno mgao halikuwa geni, lakini mgao wa kule ulikuja na ratiba iliyochapishwa, mtaa kwa mtaa, na kundi letu jioni ile lilikuwa la saa 12:20. Wali ulikuwa umeshaiva, chai imo kwenye chupa, tochi mezani, beseni la kuogea limejazwa maji. Ukumbini, kando ya mlango wa choo, paketi za karatasi za chooni zilipangwa kuanzia sakafuni hadi kufikia swichi ya taa. Madukani hazikuwepo tena, wala mikate, wala betri, wala tambi za kikombe. Nilimwuliza alizipataje. Akasema alikuwa mlangoni supamaketi Jumapili kabla hawajafungua, na hakuwa wa kwanza.

Tukaketi kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye hita chini na mfarishi juu, miguu ndani, bakuli la machenza katikati. Redio ikafunguka.

Mtangazaji alianza na swali ambalo wiki ile liliulizwa kila mahali: kwa nini Wajapani hawapori? Mwalimu akajibu kwa sauti ambayo sikuizoea, sauti ya mhadhara. Akasema Mjapani ameumbwa na kundi lake. Wakati wa shida hagombanii kitu, hakusanyi zaidi ya haja yake, huwaza kwanza jirani. Akasema jambo hilo liko ndani yao tangu karne na karne. Mama mwenye nyumba hakujua Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwenye kutokusanya, macho yangu yalikwenda ukumbini bila kuombwa. Yake pia.

"Nani kasema hivyo?"

"Mwalimu."

"Yule aliyekuwa akitoa taka za kuchomwa siku ya chupa?"

Kule kila aina ya taka ina siku yake ya kutolewa. Akachukua chenza jingine. Huku akilimenya alinisimulia 1973, Waarabu walipopunguza mafuta na bei kupanda. Uvumi ulitoka Osaka, kwenye mji mpya wa Senri, kwamba karatasi zitakwisha nchi nzima. Ulipofika Kawaguchi alikuwa na mtoto mgongoni. Alisimama foleni, na milango ilipofunguka foleni haikuwepo tena, akina mama walikuwa wakivutana nywele kwa sababu ya karatasi ya choo. Yeye alitoka na paketi zake, na bega la koti lake limechanika. Mwaka huu alikuwa amejifunza kufika mapema.

Redioni Mwalimu alikuwa bado kwenye jirani na utulivu. Mama mwenye nyumba akaendelea, kwa sauti ile ile ya kusoma bei. Mama yake alikuwa msichana tarehe 1 Septemba 1923, Tokyo ilipotetemeka na kuungua. Uvumi wa wakati ule ulikuwa kwamba Wakorea wanatia sumu visimani. Wanaume wa mitaa wakaunda sungusungu, wakasimama njia panda na mikuki ya mianzi, kila anayepita wanamtamkisha maneno ya Kijapani. Aliyeyatamka vibaya hakufika kwao. Hapa hapa Saitama waliuawa watu wengi. Mama yake aliiona ile mikuki, na hakupenda kuizungumza.

"Uvumi haujaisha," akasema, akaleta simu yake. Binti yake alikuwa amempelekea ujumbe uliosambaa Tokyo nzima: tangi za kiwanda cha mafuta zilizoungua Ichihara, mkoa wa Chiba, zimetoa sumu, mvua ikinyesha watu wasitoke bila mwavuli. Ulikuwa uongo, na serikali ilishaukanusha. Hata hivyo alikuwa ameweka mwavuli mlangoni.

Sitaki kumpunja Mwalimu. Miezi ya baadaye, watu wa kaskazini waliokuta masanduku ya fedha kwenye vifusi waliyapeleka polisi kwa maelfu, yakiwa na fedha ndani. Kwenye foleni ya maji mtaani kwetu sikusikia mtu akipaza sauti. Ila mama mwenye nyumba hakuwa na nafasi kwenye maelezo yale. Alikuwa na hasira, alikuwa na woga, alikuwa na akiba ya karatasi, na wakati huo huo kila siku alimpelekea supu kikongwe wa jirani. Kadri mtangazaji alivyosifu, yeye alizidi kuonekana kama hayumo nchini.

Kuna jambo alilolisema jioni ile ambalo sijalisikia kwa mtaalamu yeyote wiki ile. Nilimwuliza anawafikiriaje watu wa Fukushima. Akanyoosha kidole kwenye taa ya dari. "Umeme wa mtambo ule si wao. Ni wetu." Na ni kweli: Fukushima Daiichi ni mali ya TEPCO, kampuni ya umeme ya Tokyo, na umeme wake ulikuja huku kwetu, Kanto, yaani Tokyo na mikoa inayoizunguka. Wenyeji wa Fukushima walitumia umeme wa kampuni nyingine. "Wao wamebaki na mtambo, sisi tunalalamikia saa tatu za giza."

Redioni Mwalimu akavuta pumzi, akasema, "Lakini kuhusu serikali..." Taa ikazimika. Kompyuta ilikuwa na betri, ila intaneti ilikwenda na umeme. Saa 12:20 kamili.

Usiku umeme uliporudi alinipigia.

"Ulinisikia?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

Nikamwambia. Akatukana kwa Kijapani. Nusu ya pili, alisema, ndiyo aliyoitaka yeye. Alitaka kuwaeleza habari za Tokaimura, Septemba 1999, wafanyakazi walipochanganya urani kwa ndoo za chuma mpaka mchanganyiko ukawaka mionzi na wawili wakafa. Alikuwa Japani wakati huo, aliyafuatilia magazeti siku kwa siku. Alitaka kuwaeleza pia 2002, ilipofichuka kwamba TEPCO ilighushi kumbukumbu za ukaguzi wa vinu vyake kwa miaka mingi. Kwa hiyo aliposikia serikali imehamisha watu kilometa 20 tu, na Marekani inawataka raia wake wakae kilometa 80, alijua yupi wa kuaminiwa. Mtangazaji alimsikiliza kidogo, akamshukuru, akamrudisha kwenye subira.

Nikamsimulia 1973. Akanyamaza, halafu akacheka kwa muda.

"Miaka yote ile hakuwahi kuniambia."

"Anakumbuka taka zako."

Mwishoni akageuka mkali. Nipande ndege. Ubalozi wa Ufaransa ulikuwa umeshawashauri watu wake waondoke Tokyo, ofisi ya uhamiaji Shinagawa ilikuwa na foleni ya wageni wanaotafuta kibali cha kurudi nchini, na mimi nasubiri nini? Nilibaki. Nilikuwa na tasnifu ya kumaliza, nauli sikuwa nayo, na zaidi ya hapo sina maelezo ya kishujaa. Tulibishana hadi saa saba usiku, yeye akiniita mjinga, mimi nikimwambia anaiona Tokyo kwa darubini ya Leeds.

Kuhusu serikali na mtambo alikuwa amenizidi. Mwezi Aprili ajali ilipandishwa hadi daraja la 7, la juu kabisa, sawa na Chernobyl. Mwezi Mei TEPCO ikakiri kwamba fueli iliyeyuka ndani ya vinu vitatu, jambo lililotokea siku zile zile za mwanzo tulipokuwa tukimtazama Edano. Ikajulikana pia kwamba serikali ilikuwa na makadirio ya kompyuta ya uelekeo wa mionzi, na haikuyatoa kwa wakati. Watu wa Namie, mji wa jirani na mtambo, walikimbilia Tsushima, juu milimani, wakidhani wamepona, kumbe upepo ulikuwa unaipeleka mionzi huko huko. Mama mwenye nyumba alipoiona habari hiyo alizima televisheni, jambo ambalo hakulifanya hata wakati wa tsunami.

Nilimpigia Mwalimu jioni hiyo, nikitegemea kusikia "nilikuambia". Hakusema. Alikuwa ameshaiandikia redio ile, akiomba dakika chache azungumzie vinu vilivyoyeyuka na watu wa Namie. Walimjibu kwa adabu. Wiki zilizotangulia kulikuwa na harusi ya Prince William, kisha kuuawa kwa Osama bin Laden, na ratiba bado imejaa. Labda mwakani, kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja.

Machi 2012 walimpigia kweli. Walitaka azungumzie tena nidhamu ya Wajapani. Safari hii kipindi kilirekodiwa kabla, na aliniambia amewaeleza kila kitu: Tokaimura, Tsushima, mpaka karatasi za chooni za 1973 na bega la koti lililochanika. Tukashuka tena na kompyuta kwenye kotatsu, mimi na mama mwenye nyumba. Umeme ulikuwepo wakati wote. Koti halikutajwa.